Cherehani cha Shaba

Mzee Akilimali alikuwa amesimama katikati ya sebule yake, ameshika kishoka cha shaba kisichozidi urefu wa kidole gumba, akiueleza ukuta jinsi watu wa kale wa Ulaya walivyoitolea miungu yao vitu vidogo vidogo, mke wake alipomkatiza kwa mara ya tatu.

"Papa Nicole, na ile ya mduara ni nini?"

"Ni gurudumu. Nimekwisha kusema. Waselti wa Gaul walikuwa na mungu wa gurudumu, mungu wa ngurumo. Wakatengeneza vigurudumu kama hivi kwa maelfu. Wengine walivivaa shingoni, wengine walivitupa mtoni."

"Wakavitupa? Vizima?"

"Mama Nicole! Siku yenyewe nina dakika kumi na mbili tu, na wewe peke yako umeshazila nne."

Mke wake, Faida, akarudi kwenye maharage yake. Alikuwa ameketi mezani, sinia mbele yake, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya kigoda kwa sababu ya goti. Goti hilo lilikuwa libadilishwe hospitalini Alhamisi asubuhi, baada ya kungojea kwenye orodha miaka miwili kasoro mwezi. Leo ilikuwa Jumapili, wametoka kanisani, na Jumatano jioni ilikuwa zamu ya mzee kusimama mbele ya darasa lake.

Darasa hilo lilikuwa Campbelltown, karibu saa mbili kwa treni kutoka kwao Quakers Hill, upande wa pili wa Sydney, na kwa wiki tisa mzee hakukosa hata jioni moja. Alikuwa na miaka sabini. Zamani, kule Uvira, alifua vyuma mchana na kusoma masomo ya jioni, na juma lile lile la mtihani wa mwisho vita vikaingia mjini, chuo kikafungwa. Maisha yake yote hakuwahi kushika cheti, ukiondoa kile cha kuendesha mashine ya kunyanyulia mizigo alichopewa ghalani Wetherill Park kabla hajastaafu, na hicho hakukihesabu. Kozi hii ya dini za watu wa kale ilikuwa na cheti chenye muhuri na jina kamili. Sharti lilikuwa moja: jioni ya mwisho kila mwanafunzi asimame aeleze jambo alilolichunguza mwenyewe. Asiyesimama hapati.

Naye alikuwa amechunguza. Alisoma vitabu vinne vya maktaba, kamusi pembeni, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa bado mikono ya fundi, aliingia kwenye banda nyuma ya nyumba akatengeneza vya kwake kutokana na mabomba mabovu ya maji: vishoka viwili, mkuki, ngao, gurudumu na mguu wa binadamu.

"Sasa," aliuambia ukuta, "nadhiri ya Kirumi ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza mtu anaahidi: nikipata hiki, nitakupa kile. Halafu anangoja. Asipopata, hatoi kitu. Akipata, ndipo anapeleka alichoahidi, na kwenye jiwe wanamwandikia herufi nne, maana yake, ametimiza nadhiri yake kwa hiari, kama inavyostahili. Lakini wako ambao hawakupeleka shoka. Walipeleka kishoka. Badala ya ngao, kijingao kama hiki."

"Na mungu wao alikubali?"

Mzee alifumba macho. "Alikubali nini?"

"Hicho kidogo. Mtu ameahidi shoka, analeta hicho kama kijiko cha mtoto. Mungu wao alisema sawa?"

"Wataalamu hawakubaliani. Wako wanaosema kidogo kilisimama mahali pa kikubwa. Wako wanaosema hapana, kilikuwa sadaka yenyewe tangu mwanzo, kimefanywa kidogo makusudi ili binadamu asiweze kukitumia. Yamkini..."

"Yamkini alikubali."

"Nimesema yamkini!"

"Yamkini inatosha," alisema Faida. Akatoa jiwe kwenye maharage, akaliweka pembeni. "Basi unitengenezee cherehani."

Mzee alidhani ni mzaha. Alimaliza hotuba yake kwa dakika kumi na tano, jambo lililomuudhi, akawa anaianza upya simu ilipolia. Alikuwa binti yao Nicole, anayefanya kazi ya kutunza wazee, na alizungumza kama mtu anayekimbia.

"Baba, hospitali wamenipigia mimi. Mama hajasaini ile fomu ya ridhaa. Wanaitaka kabla ofisi haijafungwa Jumatano, saa kumi na moja. La sivyo nafasi wanampa mtu mwingine, na sisi tunarudi mwisho wa laini. Please, Baba. Asaini, upige picha, unitumie. Ni dakika moja tu."

"Atasaini sasa hivi," alisema mzee, akakata simu. "Mama Nicole, fomu iko wapi?"

"Ndani ya Biblia."

"Kwa nini hujasaini?"

"Sisaini mpaka nipate cherehani."

Ilibidi mzee avute kiti. Miaka miwili amempeleka huyu mwanamke kwa daktari huyu na yule, amejaza karatasi kwa herufi kubwa kama walivyotaka, amekaa kwenye viti vya plastiki mpaka mgongo ukaomba msamaha. Na sasa cherehani!

"Nieleze," alisema. "Polepole. Kama unavyomweleza mjinga."

Faida akasukuma sinia mbele.

"Unakumbuka kambini Nyarugusu, kabla majina yetu hayajasomwa kwenye orodha ya wanaokuja huku? Niliweka nadhiri. Nilimwambia Mungu, tukiitwa, tukifika wote watano wazima, cherehani changu hakiondoki kambini. Kitabaki kwa wajane wa kanisa, wale waliokuwa wanashona na sindano ya mkono. Nilisema kwa sauti, mbele ya Mama Ninahazwe, mkubwa wao, huyu huyu tunayesali naye hapa. Wiki tatu, tukaitwa. Nikaenda zamu ya maji. Kurudi, cherehani hakipo."

Mzee alikumbuka vizuri. Alikiuza yeye, kwa mfanyabiashara wa Kasulu, mchana kweupe, mkono kwa mkono. Siku ile alijiona mtu mwerevu sana, maana nani anapanda ndege na cherehani?

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshanunua suti."

Suti ile, ya kijivu, ilikuwa imetundikwa kwenye mlango wa chumba, imepigwa pasi tayari kwa Jumatano.

"Ningekirudisha! Ningemfuata yule mtu kwa miguu mpaka Kasulu! Miaka kumi na moja, Mama Nicole! Miaka kumi na moja umekaa na jambo kama hili moyoni, tunakula pamoja, tunasali pamoja..."

"Ungenicheka. Wewe ni mtu wa masomo."

"Ningecheka, halafu ningekirudisha!"

"Haya. Alhamisi wananilaza usingizi, wanafungua mguu wangu. Siingii pale na nadhiri iko shingoni. Nikiamka, vizuri. Nisipoamka, nitamwambia Mungu nini? Kwamba bwana yangu alitaka kupendeza?"

Mzee alitumia akili, kwa kuwa aliamini kwamba mtu aliyesoma hakosi njia. "Kesho asubuhi tunakwenda Blacktown. Tunanunua kipya, cha umeme, chenye mishono arobaini. Tunakipeleka kanisani. Kwisha."

"Sikuahidi kipya. Niliahidi kile."

"Kile hakipo!"

"Ndiyo maana nakwambia utengeneze mfano wake. Si ndiyo hiyo masomo yako?"

Wiki tisa mzee alikuwa ametamani mtu mmoja tu ndani ya nyumba hii amsikilize. Alijaribu wakati wa chai, alijaribu ndani ya gari, alijaribu hata wakati wa taarifa ya habari. Sasa amesikilizwa, na angetoa chochote asisikilizwe.

"Wale walikuwa wapagani," alisema. "Hawakubatizwa. Walikuwa wanapelekea chemchemi!"

"Mimi sitapeleka kwa chemchemi," alijibu Faida, akavuta sinia karibu.

Jumatatu asubuhi mzee aliingia bandani akilalamika peke yake. Alijiambia kwamba anafanya hivi kwa ajili ya saini, basi, kama vile mtu anavyompa mtoto peremende ili anywe dawa. Alikata mwili wa cherehani kutoka kwenye bomba nene, akaupiga tupa mpaka ukapata kile kiuno chake, akalehemu kichwa, akatumia pini ya nguo kuwa sindano. Kwa gurudumu hakuwa na muda wa kuchonga jingine, kwa hiyo alichukua lile la mungu wa ngurumo katika vitu vyake vya darasani na kulifunga ubavuni, pamoja na kishikio cha msumari. Jumanne adhuhuri kazi ilikuwa imekwisha. Ukizungusha kishikio, sindano inapanda na kushuka. Mzee alizungusha mara tano au sita, akajikuta anatabasamu, kisha akaudhika kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuona.

Alipokileta ndani alimkuta Bisimwa sebuleni. Bisimwa alikuwa mzee wa kanisa lao, lile linalokodi ghala Wetherill Park kila Jumapili, na siku za kazi alikuwa mpakia mizigo mitaa miwili kutoka hapo. Alikuwa bado na fulana yake ya rangi ya machungwa inayong'aa. Faida alimwita aje kumwombea goti. Lakini Bisimwa hakuwa akiomba. Alikuwa ameinama juu ya gazeti lililotandikwa mezani, mikono nyuma, akitazama vitu vya darasa.

"Mzee Akilimali. Huu mguu ni wa nani?"

"Wa nani vipi?"

"Nauliza. Mguu wa mtu, umekatwa hapa kwenye paja. Ni wa nani?"

"Si wa mtu. Ni wa darasa."

"Na huu mkuki?"

"Wa darasa!"

"Mimi nakuamini," alisema Bisimwa kwa sauti ya mtu ambaye bado anafikiria. "Lakini watu wakikuta kamguu na kamukuki mezani kwa mtu mzima, hawataulizia darasa."

Mzee alianza kumweleza habari za Gaul. Alifika kwenye sanamu za miguu na macho zilizochongwa kwa mti na kuachwa kwenye chemchemi na wagonjwa, akaona hiyo haimsaidii, akanyamaza. Faida naye alieleza habari ya nadhiri, kwa maneno machache, bila kumtaja mwenye suti. Bisimwa alikitazama kile cherehani mkononi mwa mzee na kutikisa kichwa.

"Mama Nicole, nadhiri ni kitu kizuri. Lakini kitu kama hiki hatuwezi kukipokea kanisani. Ni mambo ya kipagani."

Hapo uvumilivu ukamwisha mzee.

"Kipagani! Ibada ya mwaka mpya, nani aliwaambia watu walete mfano wa kitu wanachomwomba Mungu? Madhabahu ilijaa vinyumba vya plastiki na magari ya kuchezea! Yule kijana Blaise alileta ndege!"

"Ile ilikuwa tendo la imani."

"Ile ilikuwa duka la watoto!"

"Mzee, unapandisha sauti."

"Napandisha kwa sababu naijua tofauti. Ninyi mlileta kabla ya kupewa. Hao wapagani unaowasema, watu wasiojua hata Amri Kumi, walileta baada ya kupewa. Mke wangu amepewa, ndiyo analeta. Nani ana adabu zaidi?"

Bisimwa alifikiri. "Na hii unaisoma kule Campbelltown?"

"Ndiyo."

"Unawalipa?"

"Wazee ni bure!"

"Afadhali," alisema Bisimwa.

"Mmemaliza?" aliuliza Faida. "Mzee Bisimwa, mimi sikukuita upokee kitu. Nimekuita kwa ajili ya goti. Cherehani ni cha Mama Ninahazwe, yeye ndiye alisikia maneno yangu. Mwambie kesho aje, nitakuwa namngoja. Papa Nicole, lete nione."

Mzee akamkabidhi. Faida alikigeuza, akazungusha kishikio mara moja, akaitazama sindano ikishuka.

"Ni kizuri," alisema Faida. "Lakini si chenyewe."

"Si chenyewe vipi?"

"Hiki ni cha mkono. Changu kilikuwa cha miguu."

"Kilikuwa cha mkono! Mimi ndiye niliyekiuza!"

"Ulikiuza. Hukushona."

"Nakumbuka kishikio. Nakumbuka kwa macho yangu."

"Kishikio unakumbuka cha jirani, mama wa nyumba ya bati. Changu kilikuwa na meza, na chuma chini, na kanyagio. Ile siku, chuma cha chini nani alikibeba?"

Mzee alifungua mdomo amjibu, na akawaona. Vijana wawili, wamebeba fremu ya chuma kati yao, wanayumba, na mfanyabiashara anagombana kwamba uzito huu utamvunjia baiskeli. Mzee alikuwa amebishana naye nusu saa juu ya uzito ule ule. Fremu ilikuwa na maua ya chuma ubavuni. Hata maua aliyaona sasa.

Bisimwa alikohoa. "Cha miguu, mzee. Hata mimi nakumbuka. Alinishonea suruali kule kambini nimesimama pale pale, nimejifunga kanga ya watu, na yeye anakanyaga."

"Omba, Bisimwa," alisema mzee. "Kazi iliyokuleta ni kuomba."

Jumatano aliamka alfajiri. Alitoa mashine kwenye kitako chake, akang'oa kishikio, akalihamishia gurudumu chini. Alikata ngao ya darasa ikawa meza. Mkuki na vishoka vikawa miguu ya fremu, maana bomba lilikuwa limekwisha na duka la vyuma lilikuwa mbali. Kila alipokikata kitu alikihesabia dakika zake: hapa zingetoka dakika mbili za kueleza ngao, hapa dakika moja na nusu ya mkuki. Maua ya ubavuni aliyakata kwa mkasi kutoka kwenye kopo la nyanya. Uzi wa kushonea ukawa mkanda. Kanyagio alilichonga likiwa na matundu yake madogo, akalilehemu mahali pake saa tisa alasiri, akanawa mikono, akavaa suti. Mkononi hakuwa na kitu cha kuonyesha darasa ila mguu na picha za vitabuni. Haidhuru. Hotuba alikuwa nayo kichwani.

Treni yake ilikuwa saa kumi na dakika tano, na kituo kilikuwa mwendo wa dakika kumi na mbili.

Mama Ninahazwe aliletwa na Bisimwa saa tisa na nusu. Alikuwa Mrundi, mama mnene wa miaka sabini na zaidi, mwenye fimbo, na alichukua muda wake kuvuka mlango, kusalimia, kuulizia afya ya kila mtoto kwa jina, kuketi, kuomba maji yasiwe ya baridi. Mzee alikuwa akiitazama saa ya ukutani waziwazi. Mwishowe Faida akasema, "Papa Nicole, mpe aone."

Mama Ninahazwe aliweka cherehani kwenye kiganja. Kililingana na kiganja chake hasa. Alikisogeza karibu na macho, akakisogeza mbali, kisha akashusha kidole cha mwisho juu ya kanyagio, akabonyeza.

"Haichezi," alisema.

"Mama, ni mfano," alisema mzee.

"Mfano wa cherehani kibovu?"

"Si kibovu! Ni mfano tu! Kanyagio nimelilehemu ili lisianguke."

"Wajane waliahidiwa kizima," alisema Mama Ninahazwe bila ukali wowote, akakirudisha mezani.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Mzee alimgeukia mke wake, akingoja aseme kwamba inatosha, kwamba aende zake, kwamba watu wawaheshimu wenye safari. Ilikuwa ni yeye aliyesema yamkini inatosha, Jumapili iliyopita tu, kwenye kiti kile kile.

Faida hakumtazama. Alikuwa akimkumbusha Mama Ninahazwe zile sare za shule walizoletewa mwaka wa mvua nyingi, mia moja na ishirini kwa siku tisa, yeye na mashine moja. Na alipokuwa akisimulia, mguu wake wa kulia uliokuwa juu ya kigoda ulikuwa unakwenda. Kisigino, vidole, kisigino, vidole. Kila vidole viliposhuka, kona ya mdomo wake ilikaza kidogo, halafu akaendelea na hadithi. Hakuwa na habari kwamba mguu unakwenda.

Mzee aliutazama mguu ule kwa muda. Miaka sita kambini alikaa mbele ya nyumba yao akisoma magazeti ya zamani ili asisahau Kifaransa, na sauti ya cherehani ilikuwa nyuma yake kama mvua. Miaka sita hakugeuka kuangalia inatoka wapi.

Alivua koti la suti, akalitupa juu ya kiti. "Nipeni hicho kitu," alisema kwa hasira, akatoka.

Kutoka bandani alimpigia simu mwalimu wake. Nella alikuwa mwanamke wa Sydney mwenye asili ya Italia, mdogo kuliko Nicole, na alipokea akiwa mchangamfu.

"Uko kwenye treni tayari? Tumekuweka wa kwanza."

"Siko kwenye treni. Siji."

"Unajua sharti la cheti."

"Nalijua. Nimelisoma mara tatu."

"Kama ni ugonjwa, ukileta barua ya daktari naweza kuwaomba..."

"Si ugonjwa. Ni nadhiri."

"Nadhiri ya nani?"

"Ya mke wangu."

"Ya lini?" Udadisi ulikuwa umemshika, sauti yake ilibadilika kabisa. "Na ametoa kitu kidogo? Kama vile vyako?"

"Bado nakitengeneza! Ndiyo maana nakwambia siji!"

Nella alisema kozi itarudi Februari, na kwamba kama ingekuwa juu yake yeye angempa cheti leo. Mzee alimwambia kwamba haiko juu yake, ahsante, na Februari atakuwa na miaka sabini na moja, kwaheri. Kisha aliwasha gesi.

Aliyeyusha risasi ya kulehemu iliyoshika kanyagio. Alitoboa tundu kwa ncha ya sindano, akapitisha waya uwe mhimili, akaungua kidole cha shahada, akatukana kwa Kifuliiru, lugha ya mama yake, ambayo hakuitumia kwa jambo jingine siku hizi. Aliunganisha kanyagio na gurudumu kwa kipande cha waya mwembamba, na kilikwama. Alikifungua. Kilikwama tena. Alizikumbuka zile herufi nne za Warumi, kwa hiari, kama inavyostahili, na akapitisha uamuzi ambao haukuwa kwenye kitabu chochote kati ya vile vinne: waliandika vile kwa sababu jiwe halisemi. Nusu ya watu wale walikwenda kwenye hekalu wamenuna njia nzima, wake zao wakiwa nyuma yao wanawaambia kwamba ngao ilikuwa ya duara, si ya pembe.

Mara ya tatu waya ulipita.

Saa kumi na dakika arobaini aliingia sebuleni, suruali ya suti imejaa vumbi la shaba, akakiweka mbele ya Mama Ninahazwe bila neno. Mama yule akabonyeza kwa kidole cha mwisho. Kanyagio likashuka, gurudumu likazunguka, mkanda wa uzi ukakimbia, sindano ikapanda na kushuka. Akabonyeza tena, na tena. Bisimwa, aliyekuwa ameketi mbali kidogo kwa usalama, alisogeza kiti mbele.

Mama Ninahazwe aliinuka kwa fimbo yake. Uso wake haukuwa na mzaha tena.

"Faida. Uliahidi mbele ya nani?"

"Mbele ya Mungu, na wewe ukisikia."

"Uliahidi nini?"

"Cherehani changu."

"Hiki ni chako?"

Faida alikichukua. Aliyagusa yale maua ya kopo la nyanya, upande mmoja, kisha upande wa pili. Ilichukua muda hata mzee akaanza kuhesabu maua yenyewe, asije akawa amekosea idadi.

"Ni chenyewe," alisema Faida.

"Basi mimi nimekipokea kwa ajili ya wajane. Nadhiri yako imeondoka." Mama Ninahazwe alikivingirisha ndani ya leso yake, akaiweka mkobani, akaketi na kushusha pumzi. "Ile siku nilikiona kinabebwa. Nikasema, Mama Nicole amebadili mawazo. Miaka yote sikukuuliza, nisikutie haya."

"Na mimi nilijua umenuna! Kila Jumapili unakaa benchi la nyuma, mbali na mimi."

"Nakaa nyuma kwa sababu ya choo, mwanangu."

Walicheka wote wawili, wakacheka mpaka Faida akashika goti na kusema aa, aa, na Bisimwa naye akacheka bila kujua kama anaruhusiwa. Mzee Akilimali hakucheka. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Alifungua Biblia, akatoa fomu, akaitandaza juu ya meza, akamwekea mke wake kalamu mkononi.

"Hapa. Si hapo, hapo ni pa daktari. Hapa chini. Jina kamili, kama lilivyo kwenye pasi."

Faida aliandika jina lake lote, herufi moja moja, ulimi nje kidogo. Mzee alipiga picha. Ya kwanza ilitoka na ukungu. Akapiga ya pili, akamtumia Nicole, akasimama juu ya simu mpaka jibu likaingia: *Got it. Thank God. Thanks Dad.*

"Kesho tunatoka saa ngapi?" aliuliza Faida.

"Saa kumi na moja na nusu alfajiri," alisema mzee, kwa ukali kuliko alivyokusudia, akaenda chumbani kumtafutia begi.